Nyonga ya Mtoto Iliyopasuliwa: Itakuwaje Akiwa Mtu Mzima?



Mtoto anapofanyiwa upasuaji wa nyonga, wazazi hutuuliza sisi wauguzi maswali yaleyale. Siku ya upasuaji wanauliza kama ataamka. Siku ya kukatwa hogo wanauliza kama atatembea. Akishaanza kutembea hawaulizi tena. Wanashukuru, wanafunga mizigo, wanarudi kwao Ikungi, Iramba, Mkalama au Manyoni, na wengi wao hatuwaoni tena kliniki. Miaka kumi au kumi na miwili baadaye kijana analetwa akiwa ameshika goti, na mama yake anasema, "Mbona alikuwa amepona, na sasa anachechemea tena?"

Katika toleo hili tungependa kulizungumzia swali hilo la mama kabla halijaulizwa. Mtoto aliyerekebishwa nyonga akiwa na miaka 2 au 3, nyonga hiyo itamfikisha wapi? Itamfikisha shuleni, shambani, kwenye ndoa, kwenye uzee? Jibu lipo, maana kuna watu waliofuatiliwa kwa zaidi ya miaka 40. Lakini ili jibu hilo lieleweke, yafaa kwanza tujue nyonga inavyokua.

Mchi na kinu

Nyonga ni kiungo kinachounganisha paja na kiwiliwili. Fupa la paja lina kichwa cha mviringo upande wake wa juu, na kichwa hicho hukaa ndani ya kikombe kilichomo katika mfupa wa kiuno. Akina mama mtatuelewa upesi tukisema ni mchi ndani ya kinu. Tofauti ni kwamba mtoto anapozaliwa kinu hicho hakijamalizika kuchongwa. Sehemu yake kubwa ni gegedu, kitu laini kama sikio, na mchi wenyewe ndio unaokichonga. Kadiri kichwa cha paja kinavyokaa mahali pake, na mtoto anavyorusha miguu, kutambaa, kusimama na kukimbia, ndivyo kikombe kinavyopata kina na umbo zuri. Kazi hiyo huendelea mpaka umri wa kubalehe, pale gegedu la katikati ya kikombe linapogeuka kuwa mfupa mgumu. Kwa wasichana hutokea mapema kidogo kuliko kwa wavulana.

Mchi ukikaa nje ya kinu, hakuna wa kuchonga. Kikombe hubaki bapa kama kisahani, misuli ya paja hujivuta, na mguu huonekana mfupi. Jambo baya zaidi ni kwamba mtoto huyu mdogo hasikii maumivu. Anacheza, anacheka, ananyonya vizuri. Wazazi hugundua anapoanza kutembea, naye huenda akaanza kwa kuchechemea upande mmoja. Na kama nyonga zote mbili zimeteguka, hutembea akiyumba kama bata. Wengine husema ni maringo yake, wengine husema ametupiwa jicho.

Mbeleko ni rafiki wa nyonga

Kuteguka kwa nyonga tangu utotoni ni ugonjwa ulio adimu kwetu Waafrika ukilinganisha na mataifa mengine, na wataalamu wengi wanaona kwamba mbeleko ina mchango wake. Mtoto akibebwa mgongoni mapaja yake hupanuka na magoti hukunjika, na hivyo kichwa cha paja husukumwa ndani ya kikombe kutwa nzima, mama akiwa anapalilia au anakwenda kisimani.

Angalieni yaliyotokea Japani. Huko watoto wachanga walikuwa wakifungwa miguu ikiwa imenyooshwa. Kabla ya mwaka 1965, kati ya watoto 100, mmoja hadi watatu walikuwa na nyonga iliyoteguka. Katika miaka ya 1970 ikaendeshwa kampeni ya kuwaacha watoto wakunje miguu yao kwa uhuru, na idadi ikashuka hadi watoto 2 hivi katika kila 1,000. Hawakutumia dawa wala kisu. Kwa hiyo mama kijana anayeona mbeleko ni ushamba tunamwomba afikiri mara mbili. Na anayemviringisha mtoto kwa sababu ya baridi, hapa kwetu upepo wa Juni na Julai tunaujua, amfunike apendavyo kifuani, ila miguu aiache iwe na nafasi ya kukunjika na kupanuka.

Adimu haina maana kwamba haupo. Yafaa kuwa macho zaidi mtoto akiwa ametanguliza makalio tumboni, akiwa ni msichana, akiwa ni mzaliwa wa kwanza, au kama mzazi au ndugu yake alikuwa na tatizo hilo. Mkunga au daktari anaweza kumpima siku za kwanza kwa mikono mitupu, kwa kuyakunja mapaja na kuyapanua polepole, akisikiliza kwa vidole vyake kama kichwa cha paja kinaruka kurudi ndani. Njia hiyo ilielezwa mwaka 1937 na daktari wa watoto wa Italia, Marino Ortolani, na mpaka leo haihitaji umeme. Nyumbani, mama atazame wakati wa kubadilisha nepi: je, paja moja linagoma kupanuka? Akimlaza chali na kumkunja miguu, je, goti moja liko chini kuliko lingine? Akiona hivyo asingoje mpaka mtoto atembee.

Usaha katika nyonga

Katika mazingira yetu, nyonga nyingi za watoto huharibiwa na usaha. Vijidudu husafiri katika damu, labda kutoka kwenye jipu, kitovu au kifua, na kutua ndani ya nyonga. Mtoto anapata homa, mguu hausogezi, anapiga kelele akiguswa paja au akibadilishwa nepi. Mtoto mchanga sana anaweza asiwe na homa hata kidogo. Dalili pekee ni kwamba mguu mmoja umelala tu.

Hapa tunaomba sana tusikilizwe. Usaha hula gegedu, na shinikizo lake huminya mishipa midogo inayopeleka damu kwenye kichwa cha paja. Nyonga hiyo inatakiwa kufunguliwa na kusafishwa siku ileile inapogunduliwa, pamoja na dawa za antibayotiki za mshipa. Zikipita siku nne au tano, matokeo huwa mabaya, na tumewaona watoto ambao kichwa chote cha paja kimeyeyuka. Siku hizo aghalabu hupotea katika kukandwa kwa mafuta, au katika kupewa dawa za malaria bila kupimwa. Kukanda nyonga yenye usaha hakusaidii kitu, na humtesa mtoto.

Wapo pia watoto wenye selimundu, ambao kichwa cha paja hukosa damu na kuoza polepole, na wale wenye kifua kikuu cha mifupa, ambao huchechemea kwa miezi mingi huku wakikonda. Kila mmoja ana matibabu yake. (Miguu iliyopinda magotini kutokana na maji yenye floridi nyingi, ambayo katika mkoa wetu yapo, ni habari nyingine kabisa.)

Matibabu hufuata umri

Nyonga iliyoteguka ikigunduliwa kabla ya miezi 6, mara nyingi hakuna upasuaji. Mtoto huvalishwa mikanda laini iliyobuniwa na daktari Arnold Pavlik wa iliyokuwa Chekoslovakia, inayomweka kama yuko mgongoni mwa mama, kwa majuma 6 hadi 12. Kati ya miezi 6 na mwaka mmoja na nusu, bingwa hujaribu kuirudisha nyonga mtoto akiwa amelala kwa nusukaputi, kisha humfunga hogo la kiunoni mpaka miguuni kwa miezi mitatu au minne. Akishapita mwaka mmoja na nusu, kwa kawaida inabidi kufungua, kuirudisha nyonga kwa macho, na kukata mfupa wa kiuno au wa paja ili kichwa kikae kimefunikwa vizuri.

Na kuna umri ambao mabingwa wengi husita kupasua: takriban miaka 8 kama ni nyonga moja, na miaka 6 hivi kama ni zote mbili. Wazazi hukasirika wakiambiwa hivyo baada ya safari ndefu. Sababu ni kwamba katika umri huo kinu kimekwisha kukauka, na nyonga iliyolazimishwa kurudi inaweza kuwa ngumu na yenye maumivu kuliko ile iliyoachwa ikichechemea bila kuuma.

Waliofuatiliwa kwa miaka 45

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Mwaka 1957 daktari Robert Salter wa Toronto, Kanada, alibuni upasuaji ambao mpaka leo unafanywa duniani kote. Mfupa wa kiuno hukatwa juu ya kikombe, kikombe kikainamishwa mbele na pembeni kifunike kichwa cha paja, kisha pengo huzibwa kwa kipande cha mfupa wa mtoto mwenyewe na kushikiliwa na pini. Watoto aliowapasua kati ya mwaka 1958 na 1965, wakiwa na umri wa mwaka mmoja na nusu hadi miaka 5, walitafutwa tena wakiwa watu wazima. Matokeo yalitangazwa mwaka 2007. Nyonga 80 ziliweza kufuatiliwa, miaka 40 hadi 48 tangu upasuaji.

Hesabu yao ilikuwa hivi. Miaka 30 baada ya upasuaji, nyonga 99 katika kila 100 zilikuwa bado ni zile walizozaliwa nazo, hazijabadilishwa kwa nyonga ya bandia. Baada ya miaka 40 zilikuwa 86 katika kila 100. Baada ya miaka 45 zilikuwa 54.

Tafakarini takwimu hizo kwa utulivu, maana zina pande mbili. Mtoto wa miaka 3 aliyepasuliwa vizuri anaweza kutumaini kufika miaka 33, hata 43, akitembea kwa nyonga yake mwenyewe. Atasoma, ataoa au kuolewa, atafanya kazi. Hilo ni jambo kubwa, na anayewaambia wazazi kwamba upasuaji ni kupoteza fedha hajui asemalo. Lakini takwimu hizohizo zinaonyesha kwamba nyonga iliyorekebishwa si sawa kabisa na nyonga ambayo haikuugua. Huchakaa mapema. Kuanzia miaka 45 hivi ya umri wengi huanza kuhisi, na karibu nusu walihitaji kiungo cha bandia kabla ya kufika miaka 50.

Tena wale walipasuliwa na bingwa mwenyewe aliyebuni njia hiyo. Kwa mtoto wetu anayetoka kijijini, aliyechelewa kugunduliwa, hatuwezi kumwahidi mzazi kwamba atapata hayo yote. Tunachoweza kumwambia ni mambo yanayosogeza matokeo karibu na hayo: kugundulika mapema, kupasuliwa na mtu anayeijua kazi hiyo, hogo kutunzwa, na kurudi kliniki mpaka ukuaji uishe. Mambo mawili ya mwisho yako mikononi mwa familia.

Na kwa yule ambaye nyonga yake iliharibiwa na usaha, matarajio ni tofauti. Kama kichwa cha paja kilipona, anaweza kuendelea vizuri sana. Kama kiliyeyuka, upasuaji wa baadaye hulenga kumpa mguu unaosimama imara na usiouma, na huenda kiatu chenye soli nene kusawazisha urefu. Mguu wake hautakuwa kama wa mwenzake, na ni heri mzazi aambiwe hivyo mapema kuliko kuzunguka nchi nzima akiuza ng'ombe.

Kumtunza mtoto aliyefungwa hogo

Hogo la kiunoni ni mtihani kwa mama. Mtoto anaonekana kama chura, ni mzito, na halali. Tumekaa na akina mama wengi katika siku hizo, na yafuatayo ndiyo yaliyowasaidia.

Vidole vya miguu vitazamwe asubuhi na jioni, na mara nyingi zaidi katika siku mbili za kwanza. Viwe na joto, vichezwe, na ukibonyeza ukucha ukauachia, wekundu urudi upesi. Vikiwa vya baridi, vimevimba au vimebadilika rangi, mtoto arudishwe hospitali usiku huohuo. Harufu mbaya itokayo ndani ya hogo, au doa linaloenea, ni ishara ya kidonda.

Mkojo ndio adui mkuu. Mlaze mtoto kichwa na mabega vikiwa juu kidogo kuliko makalio, ili mkojo usirudi mgongoni. Chomeka kipande cha nailoni kwenye ukingo wa tundu la haja, ukibadilishe kila kikilowa, na nepi ndogo iwe ndani ya hiyo kubwa. Mgeuze kila baada ya saa mbili au tatu, mchana na usiku: chali, ubavu, kifudifudi. Usimwinue kwa kushika ule mti unaounganisha miguu miwili. Umewekwa kuimarisha hogo, ukivunjika kazi yote imeharibika.

Mlishe kidogo kidogo mara nyingi, kwa sababu hogo hubana tumbo. Uji wa ulezi wenye maziwa, mayai, dagaa, maharage, matunda na maji ya kutosha asije akafunga choo. Akiwashwa usiingize kijiti wala mpini wa kijiko. Na wale kaka na dada zake wachunguzwe, maana tumekuta ndani ya hogo punje za mahindi, vifuniko vya soda na hata kalamu.

Mtoto huyu atolewe nje. Awekwe kwenye mkeka chini ya mti, aone watu, aimbe na wenzake. Miezi mitatu ya kutazama dari si mizuri kwa mtoto.

Hogo likikatwa

Siku hiyo mtoto analia kuliko siku ya upasuaji, na wazazi huduwaa. Miguu ni myembamba, ngozi ina magamba, viungo vimekakamaa. Ni kawaida. Yafaa kujua pia kwamba mifupa iliyokaa bila kazi huwa dhaifu, na fupa la paja linaweza kuvunjika kwa kuanguka kidogo tu, hivyo asisimamishwe kwa nguvu wala asikandwe na mtu mwenye mikono mizito. Mwogeshe katika beseni la maji ya vuguvugu na umwache apige miguu mwenyewe. Atakaa, atatambaa, atashika kiti, na siku moja atatembea. Kuchechemea kwa miezi kadhaa, hata mwaka, hakumaanishi upasuaji umeshindwa. Kama kuna mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mfuate yeye kuliko ushauri wa majirani.

Kwa nini arudi wakati anacheza mpira?

Hapa ndipo tunapowapoteza wengi, tena tunawaelewa. Mtoto anakimbia, hana maumivu, nauli ni ghali, na shamba linasubiri. Kwa nini apelekwe kupigwa eksirei?

Kwa sababu kuna madhara yasiyoonekana kwa macho wala kusikika kwa maumivu. Mojawapo ni kichwa cha paja kukosa damu ya kutosha wakati wa matibabu. Sehemu ya mfupa hukua na sehemu nyingine husimama. Aina moja ya tatizo hilo inaweza isionekane kwenye picha mpaka mtoto afikie umri wa miaka 8 au 10, wakati wazazi wamekwisha kusahau hata jina la daktari. Jingine ni kikombe kubaki na kina kidogo. Mtoto wa miaka 5 mwenye kikombe kifupi hana habari. Akiwa na miaka 25 ndiyo atajua. Yote mawili yakigunduliwa wakati ukuaji bado upo, bingwa anaweza kusaidia kwa upasuaji mdogo kuliko ule atakaouhitaji ukubwani. Urefu wa miguu nao husawazishwa kwa urahisi zaidi wakati huo, mifupa ikiwa bado inakua.

Kila hospitali ina ratiba yake, lakini kwa kawaida ni mara kadhaa katika mwaka wa kwanza, kisha mara moja kwa mwaka katika miaka ya mwanzo, kisha kila baada ya miaka miwili au mitatu mpaka anapoacha kurefuka. Picha moja ya eksirei ina mionzi midogo, wala msiiogope kuliko mnavyopaswa kuogopa kutokuja.

Kati ya tarehe moja na nyingine, mleteni upesi akianza kuchechemea upya, akishindwa kupanua mapaja kama zamani, au akilalamika maumivu ya kinena, paja au goti. Goti tunalitaja kwa makusudi. Mishipa ya fahamu ya nyonga na ya goti inatoka mahali pamoja, na mtoto mwenye ugonjwa wa nyonga mara nyingi hushika goti. Tumeona magoti mazima kabisa yakichanjwa chale na kupakwa dawa, huku nyonga ikiendelea kuharibika.

Michezo haikatazwi mpaka bingwa aseme hivyo. Unene ukatazwe. Na kijana anapochagua kazi ya maisha, ushonaji, ualimu au ufundi wa redio vitamfaa kuliko kubeba magunia ya vitunguu sokoni.

Wasichana na uzazi

Akina mama hutuuliza jambo hili kwa sauti ya chini, binti akiwa ametoka nje. Je, ataweza kuzaa? Ndiyo. Upasuaji wa nyonga haugusi mfuko wa uzazi, na wengi huzaa kwa njia ya kawaida. Lakini tangu hudhurio la kwanza la kliniki ya wajawazito amwambie mkunga kwamba alipasuliwa nyonga, na ajifungulie hospitali, asijifungulie nyumbani. Kama zilikuwa pande zote mbili, au nyonga ni ngumu na haipanuki, afike mapema kabla ya uchungu ili daktari apange namna ya kuzaa. Na mchumba anayestahili aelezwe ukweli. Hakuna cha kuficha. Mtoto wa binti huyo apimwe nyonga anapozaliwa, maana ugonjwa huu hufuata ukoo.

Nyonga ya bandia

Siku hizi nyonga za bandia zinawekwa hapa hapa Tanzania, ikiwamo katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), iliyoanzishwa mwaka 1996. Ni msaada mkubwa kwa mtu mzima mwenye maumivu. Lakini nyonga ya bandia nayo huchakaa: uchunguzi uliotangazwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba takriban 6 katika kila 10 hudumu miaka 25. Anayewekewa akiwa na miaka 30 atahitaji nyingine, na ya pili huwa ngumu zaidi kuweka. Kila mwaka ambao nyonga ya asili inaendelea kumbeba kijana bila maumivu makali ni mwaka uliookolewa.

Waanzie wapi?

Waanzie karibu: zahanati, kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, ya mkoa au za misheni kama Makiungu, Itigi na Mtinko. Hapo watapimwa na kupewa barua ya rufaa. Upasuaji wa kurekebisha nyonga ya mtoto ni kazi ya bingwa wa mifupa, na humpeleka mzazi mbali: Dodoma ni kilometa zipatazo 240 kutoka Singida mjini, KCMC Moshi ni zaidi ya 400, na Dar es Salaam ni takriban 700. Ulizeni mapema habari za malipo, na muonaneni na afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kuuza mali. Jumuiya ndogondogo zetu huchanga kwa ajili ya msiba bila kusita; nauli ya mtoto kwenda kliniki mara moja kwa mwaka ni ndogo kuliko sanda na chakula cha matanga, na tumeona jumuiya zilizoibeba.

Tarehe ya kurudi ikiangukia wakati wa palizi au wa kuvuna alizeti, ombeni ibadilishwe mapema. Ni afadhali kuja mwezi mmoja baadaye kuliko kutokuja.

Mwisho kabisa, karatasi. Wekeni pamoja kadi ya kliniki, barua ya kutoka wodini na picha za eksirei zote, hata ile ya kwanza kabisa. Kama picha ilibaki kwenye kompyuta ya hospitali, ombeni nakala kabla ya kuondoka. Bingwa huilinganisha picha ya leo na ya miaka mitano iliyopita, na bila hiyo ya zamani hawezi kujua kama kikombe kimeongezeka kina au kimesimama. Zisikunjwe, zisiwekwe juani wala karibu na moshi wa jikoni. Zilazwe bapa ndani ya bahasha kubwa chini ya godoro, na mtoto mwenyewe, akifika darasa la tano au la sita, aonyeshwe zilipo.